Kichwa cha Mkwe Hakiguswi

Jumanne, 1 Juni 1948

Mazoezi ya asubuhi, nyuma ya kibanda changu hapa Nyakato, Musoma. Mafuru, mwanafunzi wangu, kalipiga gunia teke mpaka mchanga ukavuja. Nimelishona tena kwa uzi wa viatu. Mguu wa kulia mzuri. Wa kushoto unachelewa, kama mtu anayeitwa kwenye kazi asiyoipenda. Kesho atapiga wa kushoto tu.

Kamba za mikono zimeoza. Nyuzi za nyavu za siku hizi takataka tupu. Nimesokota nyingine. Mafuru kauliza kama tunaweza kufungia makonokono ya ziwani kwenye mafundo, maana niliwahi kumwambia wazee wa Kambodia walifanya hivyo. Nimemuuliza anataka mchezo au anataka kumchanachana mwenzake kama samaki wa kichanjani.

Tumekula ugali na samaki furu kwenye sahani moja. Anakula kama watu wawili. Sina ubishi, anafanya kazi ya watu wawili.

Mpinzani wangu Wambura katuma neno kutoka Bunda. Siku ni Jumamosi, 14 Agosti, uwanja wa mnada. Kijana wake ni Marwa wa Guta. Masharti ni yale yale tuliyokubaliana Pasaka. Mwalimu ambaye mtu wake atashinda, mongkol, ile pete ya kichwani ya mwalimu wetu Sok, ni yake. Na mchezaji asiyevishwa mongkol na mwalimu kwa mkono, kama Sok alivyotufundisha, ameshindwa kabla ya kuanza.

Sharti hilo la mwisho nililiweka mimi. Kwa kumkomesha Wambura, ambaye hana mongkol na itabidi aniombe yangu mbele ya watu.

Ijumaa, 4 Juni

Nimeitundua mongkol ipate hewa. Kuna nondo Musoma hii, zinakula hata heshima ya mtu.

Ni pete ya kamba iliyosokotwa, ikavikwa kitambaa chekundu, mkia wake unaning'inia kisogoni. Rangi imepauka. Bado inanuka ule moshi wa kambi ya Burma.

Sok alikuwa Mkambodia. Wajapani walimchukua kwenda kujenga reli, akatoroka, akatufikia sisi, akawa anafua nguo za kikosi. Mimi nilikuwa koplo, fundi viatu. Wambura sajini wa jikoni. Jioni Sok alitufundisha sote wawili ngumi za kwao, ambazo ngumi ndiyo sehemu yake ndogo. Kiwiko wanaita kaeng. Goti ni chongkong. Shuka ya miraba ya kujifunga kiunoni ni krama, na yangu ninayo mpaka leo. Mwalimu ni kru.

Kru anamvisha mchezaji mongkol. Mchezaji anacheza, polepole, anawainamia walimu wake, huku ngoma inapigwa. Kisha kru huyo huyo anaivua. Ndipo watu wanapigana. Mkono mwingine hauigusi. Haiwekwi chini. Hairukwi.

Wambura alinishinda kila tulipopigana. Hilo siwezi kulikana. Lakini siku ya kuagana Sok alinipa mimi. Hakusema kwa nini. Wambura anawaambia watu wa Bunda kwamba ni kwa sababu nilimshonea Sok kandambili bure. Upuuzi.

Tangu nirudi imening'inia kwenye msumari. Haijakaa kwenye kichwa cha mwanafunzi wangu hata siku moja, kwa kuwa sikuwa na mwanafunzi anayestahili. Sok alisema, kwa kile Kihindi chetu kibovu cha kambini, kwamba mongkol isiyovishwa mtu ni kamba ya kufungia mbuzi.

Agosti nitamvisha Mafuru. Sitaki kingine duniani.

Jumatano, 9 Juni

Mafuru alikwenda kwao Suguti Jumapili. Aliyerudi simjui.

Hataki kuvua shati. Jua linachoma, anapiga gunia na shati lake limefungwa mpaka shingoni, kama karani. Nikamwambia alete mikono nimfunge kamba. Akasema atajifunga mwenyewe. Kajifunga vibaya. Chakula kilipoiva akachukua tonge lake, akaenda kulila nyuma ya mchongoma.

Nimeuliza kama anaumwa. Hapana. Kama kuna mtu kamuudhi. Hapana. Anajibu huku anatazama miguu yangu. Miguu yangu ina nini?

Jumamosi, 12 Juni

Leo kanitia aibu sokoni.

Kaja, kasimama upande wa pili wa njia, kofia mkononi. Nikamwita. Hakuvuka. Nikamfuata. Akarudi nyuma. Nikaongeza hatua, naye akarudi. Tukaenda hivyo mpaka kwa wauza samaki, mimi namfukuza, yeye anarudi kinyumenyume kama kaa. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaacha samaki wake wakaliwa na mwewe.

Sasa najua. Wambura kamnunua. Ndiyo maana haniangalii usoni. Nimemwambia hivyo kwa sauti, watu wote wakisikia. Hakujitetea. Alitazama chini tu, machozi yanamlengalenga.

Mtu mzima analia. Na alie.

Jumatatu, 14 Juni

Kaka Majura kaja kutoka Suguti na kibuyu cha maziwa, meno yote nje. Nilijua kuna jambo. Majura hanaga meno ya bure.

Kaka huyu ndiye aliyemlea binti yangu, Nyamisi. Mama yake alifariki nikiwa vitani. Kwa hiyo ng'ombe za mahari ya Nyamisi ni haki yake kuzipokea, na hilo sijawahi kuligombea. Leo kaniambia ameshazipokea. Ziko zizini. Nikamuuliza za nani. Akacheka. Akasema nikisie.

Mafuru.

Nilikaa kwenye kiti changu cha kushonea, nikaichoma sindano kwenye soli.

"Nilitaka nikufurahishe," kasema. "Kila ukija Suguti ni Mafuru, Mafuru. Ulikuwaga unasema ungependa awe mwanao."

Mwana, ndiyo. Mkwe sikusema. Mwana unamshika kichwa, unamfunga mikono, unamkanda mgongo akipigwa. Mkwe unamwonea haya naye anakuonea haya. Hamli sahani moja. Hampeani mkono. Humwoni akiwa kifua wazi, na kichwa chake hukigusi, wala yeye chako. Kila mtoto wa kwetu anajua hayo kabla hajajua kuogelea. Majura anayajua kuliko mimi. Akapokea ng'ombe na hakuniuliza.

Nikamwonyesha mongkol kwenye msumari. Nikamwambia, nani atamvisha? Akaitazama. Akasema ni utepe tu, si amvishe mtu yeyote.

Nimemfukuza. Kaka yangu mkubwa, nimemfukuza na maziwa yake. Kisha nikamwita arudi, kwa sababu maziwa yale ni ya ng'ombe zangu anazonichungia Suguti.

Na yule kijana maskini. Alijua tangu Jumapili ile. Alikuwa akinipa heshima, mimi namwita msaliti sokoni.

Alhamisi, 17 Juni

Nimekwenda Suguti. Nyamisi alikuwa anatwanga. Nimemwambia wazi kwamba ng'ombe zinaweza kurudishwa mpaka Agosti ipite, kisha zije tena. Zinajua njia.

Hakuacha kutwanga. Kasema, "Baba, wewe unakitaka kichwa chake siku moja. Mimi nakitaka siku zote."

Nimerudi Musoma kwa miguu. Nilikuwa na nauli. Nilitaka tu kutembea na hasira yangu mpaka ichoke, lakini nimechoka mimi kwanza.

Jumapili, 27 Juni

Butiama, kwa shangazi. Aliolewa huko zamani, na mambo ya ukwe katika ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho. Nimepeleka kitenge na sukari. Kavipokea vyote kabla sijakaa.

Hukumu: mkwe akishapata mtoto wa kwanza na binti yetu, ataleta mbuzi. Tutamla pamoja, yeye na mimi, sahani moja. Haya itapungua. Baada ya hapo naweza kumshika hata masikio. Kabla ya hapo, hapana. Nikigusa kichwa chake sasa, kama kuna balaa litakalotokea litakwenda kwa mtoto wa Nyamisi.

Nikauliza kama mbuzi anaweza kuja kwanza, mtoto akafuata.

Shangazi kacheka mpaka kaita majirani. Kawasimulia nikiwa nimekaa pale pale. Mmoja kasema nijaribu kumwomba mtoto kwa barua.

Mimi nimepigana na Wajapani. Sikuzoea kuchekwa na vikongwe watatu kwa mpigo.

Jumamosi, 10 Julai

Nyamisi kaolewa wiki iliyopita. Ngoma nzuri. Nilikaa upande wangu, Mafuru upande wake, tukakwepana vizuri kama inavyotakiwa. Kila mtu kasema tuna adabu. Adabu ninayo mpaka inanikaba.

Mazoezi yamerudi, kwa msaada wa Saidi. Ni fundi cherehani, kibanda chake kimeegemea changu. Baba yake alikuja na biashara kutoka Ujiji, yeye kazaliwa hapa hapa Musoma. Ndiye aliyemshonea Mafuru kaptula nyekundu. Kaniona nimekaa nimejiinamia, kauliza, nimeeleza. Kasema kwani ni lazima nimwone? Kaenda ndani kwake, kaleta jamvi kuukuu. Tumelitundika kwenye kamba ya nguo. Gunia na Mafuru upande ule, mimi upande huu.

Saidi anamfunga kamba mikono. Ninamwelekeza kwa maneno: zungusha kwenye kiganja, pitisha kati ya vidole, usikaze kwenye kiungo. Kafunga Ramadhani, midomo imemkauka, lakini mkono wake ni wa fundi. Kafunga vizuri kuliko mimi. Sikumwambia.

Jumanne, 20 Julai

Jamvi lina faida moja. Sikujua.

Nikimtazama mtu nilikuwa naona mabega, naona uso, nadanganyika. Sasa nasikia. Teke zuri linatoa mlio mmoja. Teke bovu lina milio miwili, mguu kwanza, kiuno baadaye. Goti lina sauti ya gunia la mihogo likitupwa kwenye lori. Kaeng haisikiki, ukiisikia ujue amekosea, kapiga kwa mkono mzima.

Kupiga kelele kila mara hakufai, maana si adabu kumkaripia mkwe. Kwa hiyo nimeweka ngoma magotini. Sok alikuwa na mpigaji ngoma wake, pigano likichemka na ngoma inachemka. Mimi nimeigeuza. Ngoma ndiyo inayoagiza. Mapigo mawili mafupi, inua mikono. Pigo moja zito, mguu wa kushoto.

Mafuru kaelewa siku hiyo hiyo. Tumefanya kazi mpaka jasho likapita chini ya jamvi. Kwa muda sikumkasirikia mtu yeyote.

Kisha nikakumbuka Agosti. Ngoma haina vidole vya kumvisha mtu mongkol.

Jumatatu, 9 Agosti

Idi imepita. Saidi kaniletea pilau. Nimekula nikamwomba amvishe yeye.

Kakataa. Kasema kwanza yeye ni mtu wa dini na haijui hiyo kamba imesomewa nini huko ilikotoka. Pili, Wambura si mjinga. Sharti ni mwalimu, na yeye kama ni mwalimu basi ni wa kaptula.

Ni kweli. Na sharti ni langu. Nililisokota kwa ajili ya shingo ya Wambura, limekuja kunikaa mimi barabara. Mwenye kuchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na ndoo.

Mafuru katuma neno kupitia Saidi. Kama nikitaka kumvisha, atainama, atafumba macho, na hatamwambia mtu. Kijana anayeweza kuniambia hivyo ndiye hasa nisiyeweza kumfanyia hivyo. Nikimgusa, kisha Nyamisi akapatwa na lolote, hata homa ya mtoto, nitajua ni vidole vyangu. Watajua na wao. Sitaki.

Nimekasirika tangu asubuhi. Namkasirikia Majura. Namkasirikia shangazi na meno yake matatu. Namkasirikia Sok, ambaye angeweza kutoa mongkol mbili. Nimepigilia soli ya kiatu cha mwalimu wa shule kwa hasira mpaka msumari ukatokeza ndani. Itabidi nianze upya.

Alhamisi, 12 Agosti

Nilijua tangu juzi. Sikutaka kuandika.

Katika pande zetu zote kuna mikono ya watu wawili tu iliyofundishwa na Sok. Yangu. Na ya Wambura.

Nimepanda lori la pamba kwenda Bunda alfajiri. Njia nzima natafuna maneno. Nimemkuta anachoma nyama kibandani kwake, aproni ya jeshi bado anayo. Nimemweleza yote, ng'ombe, ukwe, mbuzi, jamvi. Nilitegemea acheke. Angecheka ningempiga, hata kama angenishinda tena.

Hakucheka. Naye ana wakwe.

"Koplo," kasema, "nikikataa, Jumamosi huna mchezaji. Mongkol inakuwa yangu bila jasho."

"Najua, Sajini."

"Na nikikubali namvisha mtu anayekuja kumpiga kijana wangu."

"Najua hilo pia."

Kageuza nyama. Kageuza tena, ingawa haikuhitaji. Nikamwambia nisingemwomba kama kungekuwa na mtu mwingine yeyote mwenye mikono. Hilo ndilo lililokuwa kweli, na ndilo nililopaswa kuliacha nyumbani.

 Aliinuka, akachota maji kwenye debe, akanawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Mongkol sikuwa nayo hata. Ilikuwa Musoma kwenye msumari. Akanawa tu.

Nimerudi nimejaa. Mtu mzima unamwendea kwa unyonge, anakujibu kwa kuoga.

Jumamosi, 14 Agosti. Bunda

Mafuru kashinda. Mengine nitaandika kesho.

Jumapili, 15 Agosti

Tumerudi. Naandika sasa.

Uwanja ulijaa. Mnada ulikuwa umekwisha, watu hawakuondoka. Niliibeba mongkol kwenye krama yangu kutoka Musoma, nimeishikilia juu ya kichwa kila lori liliporuka, abiria wakiniuliza kama nimebeba mayai.

Nilisimama mbali na mkwe wangu, kama inavyotakiwa. Mafuru kaingia na shati. Limefungwa mpaka shingoni. Watu wa Bunda wakaanza: oya, karani, umepotea njia ya ofisi. Nikaelewa. Kavaa shati makusudi, ili niweze kumtazama akivishwa.

Wambura alikuja katikati. Sikujua atafanya nini mpaka alipoinyoosha mikono yake miwili kwangu, viganja juu. Nikamkabidhi. Kaipokea, kaibusu, sikumbuki kama Sok alikuwaga anaibusu. Kisha kamvisha Mafuru. Alivyomvisha! Alianza kisogoni, akaishusha taratibu, akaunyoosha mkia katikati ya mabega, akampulizia utosini. Ile pumzi mimi nilikuwa nimeisahau. Miaka yote naifikiria siku hii, na ningemvisha bila pumzi.

 Nikapiga ngoma. Mafuru kacheza, kapiga magoti, kainama mara tatu. Zote kwangu. Machozi yalinitoka na sikujificha.

Wambura akaivua. Marwa akavishwa hiyo hiyo, akacheza, akavuliwa. Mafuru akavua shati. Nikageuka, nikaupa uwanja mgongo.

Watu walidhani nimeona aibu ya kushindwa mapema. Wacha wadhani. Nilikaa kwenye gogo, ngoma magotini, macho yangu kwenye matako ya ng'ombe aliyefungwa pale kwa kukosa mnunuzi. Saidi alikaa karibu ananieleza, lakini Saidi hajui kitu, kwake kila kitu ni "kampiga". Nikamwambia anyamaze. Nikasikiliza.

Marwa ana nguvu. Raundi ya kwanza nilisikia Mafuru akipigwa mbavuni, tena na tena, pumzi inamtoka kama mvukuto. Raundi ya pili ikawa sawa. Wakapumzika, Saidi akampelekea Mafuru maji akarudi. Nikasikia Marwa anaita maji. Kaita tena. Nikashangaa, hana msaidizi ila mwalimu wake, naye yuko wapi? Saidi akasema yupo. Nikauliza basi mbona hampi. Saidi akasema, hana mikono.

Sikuelewa wakati ule.

Raundi ya tatu Marwa alikuwa mzito. Niliisikia miguu yake inaburuta mchanga. Nikapiga pigo moja zito. Mguu wa kushoto ulitoka, mlio mmoja, safi, kisha chongkong, ile sauti ya gunia la mihogo. Kelele za watu zikafunika kila kitu.

Nilingoja Saidi aniambie Mafuru kavaa shati. Nikageuka.

Marwa alikuwa kakaa chini, watu wanammwagia maji. Na Wambura kasimama kando yake, mikono yote miwili juu ya kichwa, kashika mongkol. Tangu alipoivua. Mchezo mzima. Kulikuwa na kiti nyuma yake. Kulikuwa na bega la mtu yeyote. Angeweza hata kuniita. Alikumbuka tu kwamba mkono mwingine hauigusi na haiwekwi chini, basi akaishikilia juu huku kijana wake anaomba maji. Mabega yalikuwa yanamcheza kwa uchovu.

Nikasikia hasira, nayo sijui ya nani. Nimeshinda kwa maji aliyonyimwa Marwa. Watu wananipongeza, wananipiga mgongoni, Majura naye kaja kutoka Suguti anaruka na kudai alijua tangu mwanzo. Nikawapita wote.

"Shusha mikono, Sajini."

"Niishushie wapi, Koplo?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Uso umelowa.

"Popote kwako penye msumari," nikasema.

Hakuelewa. Nikalazimika kurudia, na kurudia ni kugumu kuliko kusema. Nikamwambia mimi mchezaji wangu siwezi kumvisha, hata tukishinda mpaka Mwanza. Nikamwambia akae nayo. Nikaifunga ile krama shingoni mwangu ili nisibadili mawazo, maana nilikuwa nimekwisha kubadili.

Wambura aliinamisha kichwa, akajivisha mwenyewe kwa kukosa pa kuiweka, akaenda kumnywesha Marwa maji. Mongkol kichwani na aproni kiunoni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Majura kaniita mpumbavu njia nzima mpaka Musoma.

Jumatano, 13 Oktoba

Mvua ndogo. Viatu vingi, watu wanakumbuka soli zikishatoboka.

Nyamisi kaja kunisalimu. Nilikuwa nimekaanga furu. Alipoingia kasimama mlangoni, kaziba pua, katoka mbio mpaka nyuma ya kibanda cha Saidi. Furu anawala tangu hajaota meno. Alirudi anajifuta mdomo. Mimi nikatazama kiatu. Nimempa chumvi ya kulamba, mama yake aliipenda alipokuwa naye tumboni.

Mchana Mafuru alifika. Jamvi likatundikwa. Wiki ijayo anakwenda Bunda kwa Wambura kujifunza ile pumzi.

Kabla hajaanza nikasikia wananong'ona upande wa pili. Saidi katoa kichwa pembeni ya jamvi. Kasema eti kuna mtu anauliza, Baba anapenda mbuzi wa rangi gani.

Msumari bado uko ukutani. Sikuung'oa. Nimekuwa natundika kofia.

Nimemwambia Saidi amwambie huyo mtu, rangi yoyote. Kisha nikapiga pigo moja zito, na mguu wa kushoto ukafika kwa wakati.